Maganda ya Machungwa: Acha Kuuza Umri, Andika Tarehe

Leo sijaja na mbinu ya kupata wateja mia kwa wiki. Nimekuja na habari ya maganda ya machungwa yaliyokaushwa, na kosa nililolifanya mimi mwenyewe. Kama huuzi maganda, usipite haraka. Unaweza kuwa unauza unga wa mlonge, rosela, tangawizi kavu au mchaichai, na tunaandika maneno yaleyale kwenye matangazo yetu.

Mimi nina duka dogo huku Isongole, wilaya ya Ileje, jirani kabisa na Malawi. Nimeishia kidato cha nne, na alama yangu ya kemia naomba tuiache ilivyo. Dukani nauza sukari, sabuni, mafuta na vocha. Kwenye simu nauza viungo vya chai, na mizigo mingi inaenda Tunduma, Vwawa na Mbeya.

Maganda nilianza kwa bahati tu. Siku moja nipo stendi Tunduma nasubiri gari, namwangalia kijana anamenya machungwa. Mnawajua wale, kisu kinazunguka, ganda linatoka kama utepe mrefu, linaangukia chini. Nikamuuliza haya unayapeleka wapi? Akacheka, akasema ni uchafu. Tukakubaliana: machungwa yaoshwe kwa maji safi kabla ya kumenywa, maganda yawekwe kwenye ndoo yenye mfuniko, nami nampa chochote. Nikaanza kukausha. Pakiti ya gramu 100 niliuza shilingi 3,000, watu wanaweka kwenye chai, wengine wanasaga kwa ajili ya keki na maandazi. Biashara ndogo, lakini safi.

Sasa msimu mmoja mzigo ukadoda. Nikabaki na karibu nusu gunia stoo, limekaa mwaka na zaidi. Harufu imepungua, rangi imekuwa kahawia. Nikataka kutupa. Usiku huohuo nikaona video inasema China maganda ya aina hii yakikaa miaka mingi ndo yanakuwa ghali, eti kadiri yanavyozeeka ndivyo antioksidanti zinavyoongezeka.

Jamani, nilihisi nimeokota pesa. Asubuhi nikaposti: "MAGANDA YALIYOKOMAA MIAKA 3. ANTIOKSIDANTI MARA 5. Presha, sukari, mafuta mwilini, kwaheri!" Bei nikaitoa 3,000 nikaipeleka 8,000. Mzigo uliododa mwaka mzima uliisha ndani ya siku nne. Ile "miaka 3" ilikuwa uongo. Ile "mara 5" sijui hata niliitoa wapi.

Wiki ya tatu ikaingia simu kutoka Mbeya. Nikasema "Shikamoo mama." Akajibu "Marahaba mwanangu, mimi ni yule uliyenitumia maganda." Akanieleza taratibu kabisa kwamba aliacha vidonge vyake vya presha ili maganda yafanye kazi bila kuchanganya. Kichwa kikaanza kumuuma, macho yakawa yanaona ukungu, binti yake akamkimbiza hospitali. Presha ilikuwa juu sana. Alilazwa siku mbili, sasa yuko nyumbani. Mimi nimeshika simu nasubiri matusi. Akasema: "Sasa mwanangu nilikuwa nauliza, labda nilikosea kipimo? Niongeze vijiko?"

Angenitukana ingekuwa rahisi zaidi. Alikuwa anajilaumu yeye kwa uongo wangu mimi.

Nikamwambia mama, endelea na vidonge vya daktari, maganda ni ya kunukisha chai tu, kosa ni langu. Nikarudisha 8,000 na ya kutolea. Tangazo nikalifuta. Halafu nikaanza kusoma, usiku kwa usiku, bando linaisha nanunua lingine, kwa sababu nilitaka kujua: ganda likizeeka, ndani yake kunatokea nini hasa? Haya ndiyo niliyoelewa, nayaeleza kwa lugha ya dukani.

Kwanza, antioksidanti ni nini. Kata parachichi, liache mezani. Baada ya muda linakuwa jeusi, kwa sababu oksijeni ya hewani imeanza kulishambulia. Ukilikamulia ndimu, linachelewa kuwa jeusi. Sehemu ya kazi hiyo inafanywa na ukali wa ndimu, na sehemu nyingine inafanywa na vitamini C, ambayo inakubali kushambuliwa yenyewe kabla ya parachichi. Hiyo ndiyo antioksidanti: kitu kinachojitoa kuliwa na oksijeni ili kingine kisalimike.

Hapo fikiria vizuri. Kitu ambacho kazi yake ni kuliwa na oksijeni, ukikianika kwenye hewa na jua mwaka mzima, unategemea kiongezeke?

Lakini ganda halina kitu kimoja. Lina vitu vingi, na kila kimoja kinazeeka kwa namna yake. Tuvipange kama bidhaa kwenye shelfu.

Cha kwanza ni vitamini C. Hii ni nyepesi kufa. Joto linaiua, mwanga unaiua, hewa inaiua, na muda unamalizia. Ganda bichi linayo nyingi tu. La kukaushwa juani lina pungufu, na lililokaa mwaka wala usilitaje kwa vitamini C.

Cha pili ni mafuta ya harufu. Ukikunja ganda bichi karibu na moto wa mshumaa, yale matone yanayorukia moto yakawaka ndiyo hayo. Sehemu kubwa yake inaitwa limonini. Haya yanapaa na hewa, na yanayobaki yanabadilika yakikutana na oksijeni. Ndiyo maana ganda la zamani halichomi pua kama jipya.

Cha tatu ni rangi, zile karotenoidi zinazofanya chungwa liwe na rangi ya chungwa. Nazo ni antioksidanti, nazo mwanga unazichakaza. Ganda likigeuka kahawia, ujue zimeanza kuondoka.

Cha nne ni kundi linaloitwa flavonoidi, na hapa ndipo maneno ya ile video yalipoanzia. Kwenye machungwa na machenza iko hesperidini, ambayo imejaa zaidi kwenye ile nyama nyeupe ya ganda. Ziko pia nobiletini na tanjeretini, ambazo zinapatikana zaidi kwenye tabaka la juu lenye rangi. Hawa ni wagumu kuliko vitamini C. Ganda kavu, lililotunzwa vizuri, linaweza kukaa nazo miaka.

Kwa hiyo kuna ukweli kidogo ndani ya ile video, na mimi niliuchukua huo ukweli kidogo nikaujaza hewa kama puto.

China kweli wana maganda ya kuzeeshwa. Yanaitwa chenpi, maana yake "ganda la zamani". Yenye sifa zaidi yanatoka Xinhui, mkoa wa Guangdong, na ganda halihesabiwi kuwa chenpi ya Xinhui mpaka lifikishe miaka mitatu. Hutumika kwenye chai, kwenye supu na kwenye dawa zao za asili. Watafiti wa kule wameyapima maganda ya umri tofauti, na majibu hayafanani. Wengine wanaona nobiletini na tanjeretini zinapanda na miaka, wengine wanaona hesperidini inashuka. Inategemea aina ya tunda, lilichumwa likiwa bichi au limeiva, na stoo ilikuwa na unyevu kiasi gani.

Na hata pale zinapopanda, kuna hesabu ambayo sisi wauza kwa mizani tunapaswa kuijua kuliko mtu yeyote. Chukua mfano. Una gramu 100 za maganda, ndani yake kuna gramu 4 za flavonoidi. Yakakaa, yakapoteza gramu 20 za maji na mafuta ya harufu, flavonoidi haikuguswa. Sasa una gramu 80, na ndani bado kuna gramu 4. Jana ilikuwa asilimia 4, leo ni asilimia 5. Kwenye karatasi ya maabara imepanda, ila kwenye gunia lako haijaongezeka hata punje. Ni kama dagaa: kilo ya dagaa wakavu ina dagaa wengi kuliko kilo ya wabichi, lakini hakuna dagaa aliyezaa juani.

Siyo hesabu peke yake, nisidanganye upande huu pia. Joto na vijidudu vinaweza kufungua kemikali nyingine zilizokuwa zimefungwa kwenye nyuzi za ganda, zikaonekana kwenye kipimo ambapo mwanzo hazikuonekana. Mabadiliko ya kweli yapo. Ila kutoka hapo mpaka "mara 5" na "kwaheri presha" ni mbali kuliko Isongole na Dar es Salaam. Kipimo kinafanyika kwenye chupa ya maabara. Tumbo la mama wa Mbeya siyo chupa. Hesperidini yenyewe haiyeyuki vizuri kwenye maji, kwa hiyo hata chai unayochemsha inachukua kidogo tu ya kilichomo kwenye ganda.

Nikasoma na habari moja ya zamani ikanichoma. Mwaka 1747 daktari wa meli wa Uingereza, James Lind, aliwapa mabaharia wagonjwa wa kiseyeye machungwa na malimau, wakapona haraka kuliko wenzao waliopewa vitu vingine. Sasa akataka juisi ikae muda mrefu safarini. Akashauri ichemshwe taratibu mpaka iwe nzito, ndipo ihifadhiwe kwenye chupa. Kwa macho ilionekana ina nguvu zaidi, maana imekolea. Kumbe joto na kukaa viliimaliza vitamini C, ambayo ndiyo ilikuwa inaponya. Lind hakuwa tapeli, vitamini C ilikuwa haijajulikana. Sisi tuna simu mkononi, tunaweza kusoma. Kisingizio chetu ni kipi?

Najua kuna mtu ataniambia: "Mbona Wachina wanauza ghali? Soko linataka umri, wape umri." Jibu langu lina sehemu mbili.

Ya kwanza, wao wanauza chenza la aina fulani, la eneo fulani, linalotunzwa kwa utaratibu wa vizazi. Mnunuzi analipia ladha iliyotulia, harufu iliyobadilika, na uhaba. Mimi nina ganda la chungwa la stendi, limesahaulika kwenye stoo ya bati pamoja na mafuta ya taa. Hilo halijazeeshwa, limechakaa tu. Kuzeesha ni kazi: kukagua, kuanika tena, kutenganisha. Kusahau siyo kazi.

Ya pili, ganda lililosahaulika lina hatari zake, na ndizo hizi.

Ukungu. Huku kwetu mvua zinaanza Novemba hadi Aprili au zaidi, na baridi ya milimani inafanya unyevu ukae ndani. Ganda linavuta unyevu kama chumvi. Na baadhi ya ukungu unatoa sumu. Mnakumbuka mwaka 2016 sumukuvu kwenye mahindi iliua watu Dodoma na Manyara. Sumu ya namna ile haiondoki kwa kuanika tena wala kwa kuchemsha chai. Ukiona ukungu, usifute, usichague yaliyo mazuri. Tupa.

Ngozi. Wapo wenzetu wanauza unga wa maganda kama skrabu ya uso. Limonini ikishazeeka na kushikwa na oksijeni, inageuka kuwa kitu kinachoweza kuwasha ngozi na kuleta mzio. Kwa hiyo ule unga wa zamani, unaoona umepoa na hauchomi pua, ndio unaweza kumletea mteja vipele. Halafu anasema "ngozi yangu inatoa uchafu." Hapana dada, ngozi yako inalalamika.

Dawa za hospitali. Balungi, na danzi pia, vina kemikali zinazoweza kufanya baadhi ya dawa za presha na za kupunguza lehemu zikae mwilini kwa wingi kuliko daktari alivyopanga. Ukisaga maganda mchanganyiko bila kuandika ni ya tunda gani, mteja anayekunywa dawa hawezi hata kumuuliza daktari wake swali la maana.

Sasa nafanya nini mimi. Sijaacha kuuza maganda. Nimebadilisha namna, na hizi ndizo hatua, zichukueni.

1. Naandika tunda: chungwa, chenza, limau au ndimu. Sichanganyi.

2. Naandika tarehe niliyomaliza kukausha. Siyo "yamekomaa", ni tarehe, mwezi na mwaka. Mteja anayetaka ya zamani ahesabu mwenyewe.

3. Naanika kivulini penye upepo, kwenye chekeche lililoinuliwa, nikifunika kwa chandarua. Jua kali linakausha haraka ila linachoma rangi na vitamini. Ganda likikunjwa lazima livunjike kwa sauti. Likipinda kama mkanda, bado.

4. Natunza mazima, nasaga oda ikiingia. Ganda likisagwa, hewa inaingia kila upande, harufu na antioksidanti zinaondoka mbio. Mteja akitaka unga namwambia nipe saa moja.

5. Natumia chombo kisichopitisha hewa, kiwekwe gizani, mbali na sabuni na mafuta ya taa. Kila mwezi nafungua, nanusa, nakagua.

6. Mwaka ukipita nashusha bei na kusema wazi: harufu imepungua, yanafaa kwa supu na nyama ya kuchemsha. Amini usiamini, yanatoka.

7. Siandiki jina la ugonjwa hata mmoja. Ninachouza ni kiungo cha chakula. Chakula cha kufungasha kinasimamiwa na TBS, na ukisema kinatibu umeingia kwenye eneo la Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, ambako kuna usajili wake. Ukiwa mdogo kama mimi, anzia ofisi ya SIDO iliyo karibu nawe, waulize utaratibu.

Mtaniuliza: na mauzo je? Nitasema kweli. Yalishuka. Tangazo la "mara 5" liliuza kwa siku nne mzigo ambao sasa nauuza kwa wiki kadhaa. Kuna jamaa ananiuzia ushindani kwenye magrupu yaleyale, anaandika "miaka 7", mwenyewe biashara ameianza juzi. Wateja wanamkimbilia. Roho inauma, sitaki kujifanya malaika.

Lakini angalieni jambo hili. Wale wa siku nne hakuna aliyerudi. Hata mmoja. Alionunua ili apone hakupona, akaondoka kimya, na ukimya wa mteja wa mtandaoni hauna hata kishindo cha mlango. Wanaonunua sasa kwa sababu chai inanukia, wanarudi pakiti ikiisha, kwa kuwa kile nilichowaahidi ndicho walichopata. Biashara ya kuahidi harufu na kuleta harufu ni ndogo, ila usiku unalala.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Kwenye simu imekuwa fupi zaidi, maana mteja anapiga picha tangazo lako kabla hujalifuta.

Yule mama wa Mbeya bado ni mteja wangu. Mwezi uliopita aliagiza pakiti mbili, na kabla hajalipa akauliza: "Mwanangu, haya ya lini?" Nikamtumia picha ya lebo, tarehe ikionekana. Akasema "Sawa, haya ni ya chai yangu ya jioni, vidonge nakunywa asubuhi."

Ndo hivyo wadau. Nenda stoo leo, shika kila kitu kikavu unachouza, jiulize swali la yule mama: haya ya lini? Kama huna jibu, usikiposti. Kazi njema.